Fomu ya Mimi Ni Nani

Jumatatu, 3 Machi
Nafasi ya usimamizi wa karakana yetu ya makochi iko wazi. Tunaoitaka ni wawili: mimi, fundi wa vitambaa, na Bwana Gundi, mbandika sponji. Tumepewa fomu za mistari kumi, yote ikianza "Mimi ni...". Atakayezisoma ni mtaalamu kutoka Magharibi. Huko, nimesoma gazetini, mtu ni yeye mwenyewe, basi. Nimejaza: Mimi ni hodari. Mimi ni jasiri. Mimi ni kiongozi wa kuzaliwa. Mistari imeisha, sifa zimebaki. Nimeshamwambia mama mkwe kwamba kazi nimepata.

Jumanne, 4 Machi
Nimechungulia fomu ya Gundi. Eti yeye ni baba wa mapacha, jirani wa muuza maziwa, na mbandika sponji asiyependa haraka. Nimecheka mpaka nikajidunga sindano.

Jumatano, 5 Machi
Loo! Wa Magharibi haji. Anakuja mama mmoja kutoka Mashariki! Huko, gazeti lilelile linasema, mtu ni watu wake, ukijisifu umejiharibia. Nimemwomba karani fomu mpya, nikasingizia chai imemwagika. Nimeandika: Mimi ni mwanafunzi wa Bwana Gundi. Mimi bila Gundi si kitu. Mvumilivu hula mbivu.

Mke wangu kauliza kwa nini nisiseme tu kwamba makochi yote ya ukumbi wa karakana nimeshona mimi. Nimemjibu hajui mambo ya Mashariki.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeduwaa. Yule mama kaisoma fomu yangu mara mbili, kisha kauliza: na wewe mwenyewe unafanya nini hapa? Nikajibu kwa unyenyekevu kwamba sifanyi kitu. Kashtuka kuliko mimi. Kasema hata kwao kochi lina aliyelishona. Kazi kapewa Gundi, na ushahidi ni mwandiko wangu. Gundi kanikumbatia huku analia. Hakujua nampenda kiasi hicho.

Jioni mama mkwe kaja na ukoo mzima kumpongeza msimamizi. Nimejificha nyuma ya kochi nililolishona mwenyewe. Aibu niliyoiona sina pa kuiweka.

Ijumaa, 7 Machi
Gundi anataka msaidizi. Kasema nafasi ni yangu, nimweleze tu kwa maneno yangu ninachoweza kufanya. Sidanganyiki! Nimemuuliza kwanza ukoo wake umetoka upande gani. Kasema Kaskazini. Tangu asubuhi natafuta gazeti linaloeleza watu wa Kaskazini hujionaje.