Majaribio Yangu Yote ni ya Kijani

Jumapili, 3 Agosti
Wiki mpya, mimi mpya. Jana Haji Mitwalli, baba yake Ghada wangu, aliweka chini glasi ya chai akatoa hukumu: hakuna kusoma Fatiha ya uchumba mpaka aone mkataba wangu wa kazi ya kudumu, wenye muhuri. Binti yake haolewi na kibarua wa kompyuta. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Basi leo mlango umefunguka! Madam Inas, mkuu wetu, anataka programu yetu ya kuagizia mitungi ya gesi iingie sokoni wiki hii. Mimi na Shenouda tuandike majaribio, yaani vijiprogramu vya kukagua kama kila kitufe kinafanya kazi yake. Jaribio likipita, taa ya kijani. Likishindwa, nyekundu. Nafasi ya kudumu ni moja tu. Shenouda ana miwani minene na tabia ya kufikiri kabla ya kuandika. Namhurumia.

Jumatatu, 4 Agosti
Ushindi! Majaribio arobaini, yote kijani, na mikate ya fuli, maharage yetu ya asubuhi, haijaletwa bado. Shenouda anayo sita, mawili mekundu. Nilimpitia mezani nikamuuliza, kwa upole, kama anahitaji msaada. Akajibu kwamba wekundu umemwonyesha kosa: mteja akibonyeza mara mbili, anapelekewa mitungi miwili. Nikamwambia huyo mteja ana bahati. Hana ucheshi hata chembe.

Nimempigia Ghada aanze kuchagua nguo. Akauliza kama nimeshapewa mkataba. Nikasema kimsingi ndiyo.

Jumanne, 5 Agosti
Sitaki kuandika. Naandika.

Madam Inas alisifu kasi yangu mbele ya ofisi nzima. Kisha akazima seva, kompyuta inayopokea oda. Seva yote! Akaendesha majaribio yangu. Arobaini, kijani, kijani, kijani. Akaniuliza kwa ile sauti yake ya chini, ambayo ndiyo mbaya, oda hizi arobaini amezipokea nani, ustadhi wangu, majini?

Kumbe majaribio yangu yanabonyeza kitufe na kujiendea bila kungoja seva ijibu. Shenouda akawaeleza watu, hakuna aliyemwomba, kwamba ni sawa na kupiga hodi, kukimbia, halafu kutangaza mtaani kuwa wenyeji hawajambo. Wakacheka. Nikacheka pia, ili wasione. Imeniuma mno.

Jumatano, 6 Agosti
Wanataka kungoja? Watangoja! Kila jaribio nimeliamuru likae dakika kadhaa kabla ya kutazama skrini. Nikaanzisha, nikaenda kunywa chai. Nikarudi. Bado. Chai nyingine. Adhana ya adhuhuri, tukaswali, tukarudi. Bado! Mashine ya kukagulia ni moja, kwa hiyo ofisi nzima ikawa foleni nyuma yangu. Wamenipa jina, Bwana Stesheni. Wananiuliza treni ya Tanta inafika lini.

Jioni Shenouda akavuta kiti. Akauliza, mama yangu akiishiwa gesi, anakaa akitazama saa? Nikasema hata kidogo, anasikiliza muuza gesi akigonga mtungi kwa spana kule mtaani. Ndiyo hivyo basi, akasema. Jaribio lisingoje saa, lingoje maneno “Oda yako imepokewa” yatokee kwenye skrini. Yakitokea upesi, liendelee upesi. Yakikataa kutokea, liwe jekundu na watu wajue kuna kasoro. Tumeyarekebisha yote pamoja, na akanigawia nusu ya chakula chake. Kwa kweli nimeguswa. Si mtu mbaya huyu. Ile nafasi moja bado naitaka.

Alhamisi, 7 Agosti
Madam Inas alizima seva: yote mekundu. Akaiwasha: yote kijani, kufumba na kufumbua! Akapiga makofi.

Kazi ya kudumu amempa Shenouda. Lakini ngoja! Akaniita pembeni akasema amefurahi, ananiongezea mwezi mmoja, na kazi yangu ikiwa safi mpaka mwisho kuna mkataba wa pili. Nimemweleza Haji Mitwalli kwa simu. Akaguna. Akasema mwezi mmoja hauui mtu, na akaniita mwanangu. Mwanangu! Nimetembea hadi nyumbani nikiimba.

Jumapili, 10 Agosti
Asubuhi jaribio moja jekundu. Nikaliendesha tena, kijani. Tena, jekundu. Shenouda, ambaye sasa ni mkubwa wangu, akasema jaribio la namna hii lina habari ya kutuambia, huenda kuna wateja wanaoagiza gesi na oda zao hazifiki popote. Nitafute sababu, hata ikichukua siku nzima.

Siku nzima! Na Madam Inas anapita mchana kukagua!

Nilikaa, nikatafakari, kama alivyonifundisha. Kisha nikaandika amri fupi, nzuri ajabu: jaribio likishindwa, lirudiwe, na lirudiwe tena, mpaka lipite. Mara ya kumi na tisa limepita. Madam amepita, ameona kijani kitupu, ametikisa kichwa kwa kuridhika. Mkataba naunusa kabisa. Ajabu ni kwamba Shenouda, na akili zake zote, hajawahi kuifikiria njia hii. Nikishapata muhuri wangu, nitamfundisha.