Malalamiko Kuhusu Ovaroli ya Don Anselmo Katika Chumba cha Panya Majike

Rosario, Jumatatu asubuhi

Mheshimiwa Mkurugenzi, Dokta Iturralde,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini kwamba mgongo wako umepata nafuu na nyama yenu ya kuchoma ya jana haikuungua. Mimi Leonor Basualdo, mwanafunzi wako wa uzamivu ninayechunguza ovari za panya, naomba umwondoe mtunza panya wetu, Don Anselmo, katika chumba changu cha majike kabla hajaniharibia maisha. Ufadhili wangu unakwisha Machi. Nisipopata matokeo nitarudi Chaco kuuza matairi na kaka yangu, na matairi siyapendi kabisa.

Sababu zangu ni hizi:

1. Kazi yangu inataka utulivu. Ndani ya ovari ya panya mzima mna vifuko vingi vidogo, kila kimoja kimebeba yai lililolala. Vichache huamka, hujivika seli tabaka kwa tabaka, hunenepa, hujaa maji. Kisha vingi hufa njiani, na vichache mno hupasuka na kutoa yai. Kwa nini hiki kife na cha pembeni yake kiendelee? Hilo ndilo swali langu, na mpaka leo sijalijibu. Wewe mwenyewe ulinishauri niwaweke majike pamoja, mbali na madume, ili mizunguko yao ya uzazi ipoe. Ikapoa. Walitulia kama watawa baada ya chakula.

2. Don Anselmo anakunywa yerba, ile chai yetu ya majani, chumbani mwangu, kwa sababu ndicho chenye hita. (Kibao cha kukataza kipo, tunatundika makoti juu yake.) Kila asubuhi, akimaliza kubadilisha maranda ya madume, anaingia na kibuyu chake chenye mrija, ovaroli imelowa mkojo wao, anaketi kando ya vizimba vyangu. Desturi yetu unaijua: mnywaji akisema "asante" ametosheka, hamiminiwi tena. Mzee huyu hasemi asante! Ananirudishia kibuyu kitupu, nami kwa malezi niliyopewa na mama yangu namimina tena, huku majike wakivuta ile hewa.

3. Majike wameamka. Wote! Kwa mpigo! Alhamisi nilipowakagua, hakuna hata mmoja ambaye hakuwa tayari kwa dume. Nilipomweleza mzee kwamba harufu ya ovaroli yake ndiyo chanzo, alicheka hadi mrija ukamtoka mdomoni.

"Binti, wewe nawe! Mke wangu hajageuka kunitazama tangu tuhamie Rosario, leo panya ndio wanaonitamani? Hebu mimina, maji yanapoa."

Nikamimina.

4. Hatari itaenea. Kama ovaroli moja inatosha kuamsha chumba kizima, busara inataka madume wote wahamishiwe ng'ambo ya Mto Paraná, na daraja lifungwe siku za upepo. Wafanyakazi wote wanaume waoge getini, kisha wanuswe na Doña Eulalia wa jikoni, ambaye hugundua maziwa yaliyochacha akiwa bado ngazini. Nawe pia, Mheshimiwa, pamoja na marashi yako. Sina ushahidi dhidi ya marashi hayo, ila jike mmoja alipiga chafya ulipotutembelea.

Nangoja uamuzi wako kwa unyenyekevu na hasira kiasi. Nisalimie mkeo, watoto, yule mbwa wenu anayeuma, na mhasibu, ingawa yeye huwa hanijibu.

Wako mtiifu,
Leonor Basualdo

Nyongeza: Nikiwa natafuta bahasha nimechungulia kwenye hadubini vipande vya ovari nilivyochukua Ijumaa. Kwa kuwa majike waliamka pamoja, vifuko vyao vimekua kwa mwendo mmoja, na kwa mara ya kwanza naviona vinavyoanza kufa kando ya vinavyoendelea. Mishipa ya damu imevizunguka vinavyoendelea, vinavyokufa imevipita. Dokta, naona! Nimelia. Don Anselmo ameniuliza kama nimefiwa. Barua hii nampa yeye ailete, kwani sina mwingine wa kumtuma, na kuiandika upya siwezi, narudi kwenye hadubini. Tafadhali puuza yote yaliyo juu, mrudishe mbio, na hata akiomba namna gani, usimruhusu aoge.