Mume Wangu Ananisikiliza Kupita Kiasi

Katindiuka, Ifakara.

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Kikundi cha Kujitolea cha Simu za Upepo.

Tumsifu Yesu Kristo.

YAH: KUOMBA MUME WANGU ARUDISHWE KAMA ALIVYOKUWA

Mimi ni Konsolata, mke wa Apolinari, yule fundi baiskeli mliyemweka kituo cha Idete kwenye mbio za baiskeli. Afya ninayo, namshukuru Mungu, na mpunga umekubali. Shida yangu ni moja, na ninyi ndio mmeiingiza nyumbani.

Siipingi kazi yenu. Kule mabondeni mtandao unakata, watu walikuja kushindana mpaka kutoka Mlimba, na bila ninyi tusingejua nani yuko wapi. Yule kijana aliyeanguka akateguka bega, gari la wagonjwa lilimfikia upesi kwa sababu ya sauti ya mume wangu kwenye redio yenu ya mkononi. Nililia kwa furaha. Lakini mashindano yaliisha siku ile ile. Mume wangu hajaisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlimfundisha kwamba mtu akiongea, mwenzake anyamaze mpaka asikie neno "ova". Sasa na nyumbani ananyamaza. Ndugu Mwenyekiti, sisi tumefunga ndoa tukiwa vijana, na miaka yote tumegombana vizuri: mimi nasema, naye anasema, sauti zinapanda pamoja, mmoja anachoka, tunakula. Juzi nimemsema juu ya matope aliyoingiza ndani, nimesema mpaka maneno yakaniishia. Kaniangalia tu. "Baba Dativa, huna mdomo?" Akajibu kwa upole, "Nasubiri umalize, mama. Hujasema ova."

2. Nikisema ova ndipo mabaya yanapoanza, maana mlimfundisha pia kurudia ujumbe ili ahakikishe ameupata. "Nimepokea. Unasema mimi mchafu kama kambale, mama yangu hakunilea, na ungejua ungeolewa Mlimba. Ni sahihi?" Maneno hayo kinywani mwangu yalikuwa matamu. Yakitoka kwake taratibu hivyo, nasikia aibu. Ikabidi nifute ya mama mkwe. Kisha nikafuta ya Mlimba. Tukabaki na kambale peke yake, hilo akalikubali, akaenda kunawa miguu.

3. Kanisani alipangwa kusoma maombi ya waamini. Kamaliza ombi la kwanza, badala ya kusema "Ee Bwana" akasema "ova". Waamini wakakosa pa kushika. Padre akainamia kitabu, mabega yanamtikisika. Sasa kwenye jumuiya vijana wananiamkia, "Shikamoo, Mama Ova."

4. Hili ndilo linaloniuma hasa. Ng'ombe wa jirani yetu Makoye waliingia kwenye jaruba langu la mpunga. Ugomvi huo niliuandaa, nikaupanga kichwani huku napalilia. Nikamchukua Apolinari anisaidie kupaza sauti. Yeye akatuketisha, mimi na Kabula mke wa Makoye, akatugawia zamu. Kabula akasema, "Dada, kamba ilikatika, nikaona haya kuja kwako. Ova." Mtu akishasema hivyo, na wewe umelazimishwa kumsikia mpaka mwisho, utagombana na nani? Nilirudi na kibuyu cha maziwa ya mgando, na hasira yangu yote nimebaki nayo, sina pa kuipeleka.

5. Jambo hili linaenea. Kabula anataka Makoye naye afundishwe. Mkiendelea hivi mtaa mzima utakaa kwa amani, baraza la usuluhishi la kata litakosa kesi, wale wazee watashinda kutwa wanaangaliana. Mimi mwenyewe Jumamosi nilikwenda kuungama, nikapiga magoti, nikakosa la kusema. Padre alidhani namficha.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu mumwondoe Apolinari kwenye mbio zijazo, na mumfundishe upya kumkatiza mtu. Anikatize hata mara moja, nijue bado nimeolewa.

Nawasalimu wanakikundi wote, na wake zenu nawaombea kila jioni. Mungu awape subira, na betri zenu zisiishe chaji mtu akiwa shidani.

Ni mimi dada yenu katika Kristo,
Konsolata, Mama Dativa.

N.B. Barua ilikuwa sijaifunga, jana amenikatiza. Nilikuwa namweleza habari ya goti langu, ndiyo kwanza nimefika kwenye mvua iliyolianzisha, akasema, "Haya haya, nimeelewa," akainuka kwenda kujaza upepo tairi la mtu. Hajaelewa chochote, goti lenyewe nilikuwa sijalifikia. Nimekosa raha mpaka nimechoma wali. Tafadhali, Ndugu Mwenyekiti, barua hii ichaneni. Mbio zijazo mpangeni Apolinari kituo chochote, na kabla ya hapo mwongezeeni mafunzo, hata ya wiki nzima.

Ni goti la kushoto. Ova.