Pande la Udongo la Digory Penfound

Udongo wa Amerika ulimwishia Digory Penfound asubuhi ileile mteja wake mwenye fedha kuliko wote alipokuwa njiani kuja kununua.

Biashara yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka ule hapa Plymouth hapakuwa na mazungumzo ila ya nchi mpya ng'ambo ya Atlantiki. Mabaharia walirudi wakisema nahodha wao aliteremka ufukweni, akashika pande la udongo na majani yake, akashika na kijiti, akatangaza kwamba nchi yote, mpaka jicho linapokomea na mbele ya hapo, ni mali ya Malkia wa Uingereza. Wenyeji walikuwapo, wanavua samaki. Hakuna aliyewauliza. Sisi tuliona ni sawa kabisa, maana hata kwetu shamba huuzwa vivyo hivyo: muuzaji anamkabidhi mnunuzi pande la udongo na kijiti mbele ya mashahidi, huku shamba lenyewe wanaliona, basi, limekwenda. Wengi wetu kusoma hatujui. Udongo tunaujua.

Digory akawaza: kama nahodha anachukua nchi nzima kwa udongo wa kiganjani, yeye anashindwaje kuiuza kwa kipimo hichohicho? Akaeneza habari kwamba ana binamu baharia aliyemletea pipa la udongo wa Amerika. Kila pande, ekari mia. Wauza samaki wakanunua. Petherick fundi viatu akanunua, akaanza kuwataka majirani wamwite Mheshimiwa. Udongo wenyewe Digory aliuchimba malishoni juu ya mji, mahali pa wote, ambapo hakuna anayejali shimo moja zaidi.

Lakini asubuhi ile malisho yalikuwa yamejaa wanaume wanafanya mazoezi ya mishale, na Digory hakuwa shujaa wa kuchimba huku mishale inampita sikioni. Mteja naye hakuwa wa kumngojesha. Alikuwa Wilmot Hannaford, mjane mpika bia, jirani yake ukuta kwa ukuta, na alikuwa ametuma neno kwamba anazitaka ekari zake leo, si kesho, na pauni tatu anazo mkononi.

Pauni tatu! Digory akakamata sepetu, akaenda nyuma ya nyumba, kwenye bustani aliyoachiwa na marehemu mama yake, penye kisima chenye maji matamu kuliko yote mtaani. Akachimba pande moja safi kando ya kisima. Alikuwa anapiga mluzi.

Wilmot alikuja na Petherick pamoja na wazee wawili wa kanisa wawe mashahidi.

"Karibu, mama, karibu! Leo unang'aa kama bibi wa nchi nzima."

"Acha kunipaka mafuta, Digory. Udongo uko wapi?"

"Huu hapa. Nusa mwenyewe. Hiyo ndiyo harufu ya Amerika."

Wilmot akanusa. "Mbona unanuka vitunguu?"

"Kule vitunguu vinajiotea tu, mama. Wewe kazi yako ni kuinama."

"Haya. Tukabidhiane kule bustanini. Humu ndani moshi unanitoa machozi."

"Popote utakapo, mama."

"Na useme maneno yote. Sitaki ya kukatakata."

Walipofika bustanini Digory akavua kofia, akatazama juu kama mtu aliyeitwa na malaika. "Mimi, Digory Penfound, nampa Wilmot Hannaford ardhi ulikotoka udongo huu, pamoja na maji yake, miti yake na majengo yake, awe nayo yeye na warithi wake milele." Hayo ya majengo aliongeza mwenyewe, kwa utamu. Hakuna aliyemwomba.

Wilmot akamlipa. Kisha akaenda kando ya kisima, akapiga magoti, akalirudisha pande lile kwenye shimo. Petherick akainama, akapitisha kidole pembeni jinsi anavyokagua soli.

"Limekaa," akasema. "Hata uzi haupiti."

"Nilikuwa dirishani, jirani," akasema Wilmot. "Nimekuona na sepetu lako."

"Mama, unanitania."

"Miaka yote nakuomba uniuzie maji ya kisima hiki, unaniambia nikachote baharini. Haya, waambie wazee. Udongo huu umetoka wapi?"

Digory akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

Mzee mmoja wa kanisa akamsaidia. "Ukisema ulikuwa unauza Amerika, tunakwenda kwa meya sasa hivi, na sikio lako litapigiliwa msumari kwenye mti wa adhabu pale sokoni. Ukisema ulikusudia kuuza hapa, ni biashara halali, tunakwenda kunywa."

"Sikio lipi?" akauliza Digory.

"Kwa kawaida tunaanza na la kulia."

Digory akaitazama nyumba. Alizaliwa humo. Hakuwa na nyingine, wala ndugu wa kumfungulia mlango.

"Ni wa hapa," akasema. "Nilikusudia kuuza hapa."

"Sauti! Mzee mwenzangu hasikii vizuri."

"Nilikusudia kuuza hapa!"

Petherick akamvuta shati, akamnong'oneza. "Lakini udongo wangu mimi ni wa kweli, sivyo?"

"Wa kweli kabisa, Mheshimiwa."

Habari iliwafikia wauza samaki kabla ya chakula cha mchana, nao walikuja kwa pamoja, na visu vyao vya kazi mikononi.

Basi gharama ilikuwa hii. Nyumba moja ya vyumba viwili. Bustani moja na vitunguu vyake vyote. Kisima kimoja. Katika pauni tatu alizopokea, mbili na nusu zilirudi kwa wauza samaki, na shilingi kumi zilizosalia alimlipa Wilmot kodi ya kulala darini, juu ya chumba alichozaliwa. Fundi viatu hakudai chochote. Alikuwa ameshazoea kuitwa Mheshimiwa. Masikio yalibaki yote mawili.