Kidole cha Pinetown Mjini Dresden

Jumamosi, 30 Agosti. Umbilo, Durban.

Nimeteuliwa! Kiongozi wa usafiri, safari ya kwaya, Dresden, Ujerumani. Namshukuru Mungu, naishukuru kwaya, nawashukuru na wale Wajerumani waliotulipia nauli bila kunisikia nikiimba.

Ilikuwa hivi. Mwalimu Nzeyimana, mwalimu wetu wa kwaya, aliuliza nani anajua usafiri wa kule. Nikanyoosha mkono. Sijawahi kufika hata Swaziland. Lakini miaka tisa sasa napanda taxi, hizi hiasi za abiria, kila alfajiri kwenda Pinetown, kiwandani, kushona magodoro. Huku kila njia ina ishara yake ya kidole: najua kidole cha kuita gari la mjini, kidole cha Pinetown, kidole cha Cato Manor. Gari ni gari.

Jean-Bosco, yule Mkongo wa besi, akauliza kama nimesoma ratiba za tramu. Yeye keshazichapisha. Iko kurasa kumi na moja, akasema, iko na faili. Nikamjibu kwamba usafiri hausomwi, unapandwa. Watu wakacheka. Nikashinda kwa kura mbili.

Ila kuna kazi moja nzito. Mama Atuganile, sauti ya kwanza, mkunga mstaafu anayeishi kwa binti yake Cato Manor, ana mtu wake kule. Sista Gerda, Mjerumani aliyemfundisha ukunga kwenye hospitali ya misheni huko Rungwe. Hawajaonana miaka arobaini na moja. Sista sasa ana themanini na nane, yuko nyumba ya wazee nje kidogo ya Dresden. Miadi imepangwa: Ijumaa, saa tisa alasiri. Jumamosi asubuhi sisi tunapanda ndege. Mama anasema hana jambo kubwa la kumwambia, ni asante tu, lakini hiyo asante haitumwi kwa simu. Nimeapa mbele ya kwaya nzima kwamba nitamfikisha. Jean-Bosco kaiandika kwenye faili.

Jumanne, 2 Septemba. Dresden.

Tumefika! Mto unapita katikati ya mji, unaitwa Elbe, na kando yake majani matupu. Sisi pale tungeshafungua maduka.

Kuna kanisa lenye kuba kubwa. Mawe meupe, mengine meusi, hapa moja, pale moja. Nikawaeleza wenzangu kwamba rangi iliwaishia. Jean-Bosco akafungua faili, akasoma: kanisa liliporomoka wakati wa vita, yale meusi ni mawe ya zamani, waliyaokota kwenye kifusi wakayarudisha ukutani. Mama Atuganile akasimama akiyatazama muda mrefu. Eish. Sikusema tena habari ya rangi.

Mchana, mtihani wa kwanza. Tramu ya njano hiyo inakuja. Nikasogea mbele, nikanyoosha kidole. Ikasimama! Nikawageukia wenzangu kifua mbele. Jean-Bosco akasema hapa ni kituo, ingesimama hata kama angekuwepo njiwa peke yake. Wivu huo.

Milango imefungwa. Tunangoja mtu atufungulie. Abiria waliomo ndani wanatuonyesha kitu kwa vidole. Nikawapungia mkono. Tramu ikaenda zake. Kumbe mlango una kitufe, unabonyeza mwenyewe! Watu kumi na wanane tumeachwa kwenye mataa na mimi ndiye kiongozi.

Jumatano, 3 Septemba.

Leo nimebonyeza kitufe cha basi kwa madaha. Wote walionifuata, ndani. Tatizo likawa kushuka. Durban ukitaka kushuka unapaza sauti, after robot, na dereva anakuacha mbele kidogo ya taa. Nikapaza sauti. Basi likapita taa. Nikapaza tena. Likapita taa ya pili, ya tatu, tukavuka daraja, mto ukabaki nyuma. Mtoto mmoja akaanza kulia.

Bibi mmoja mwenye mbwa akanionea huruma. Akatubonyezea kitufe, akashuka nasi, akaturudisha kwa miguu hadi kanisani kwenye mazoezi, na akampa kila mmoja wetu pipi ya mnanaa. Simjui jina. Mungu amzidishie, yeye na mbwa wake.

Jean-Bosco alikuwa keshafika na nusu ya kwaya, wale waliofuata faili. Nikasema wangu nimewapitisha njia ya kuona mji. Mama Atuganile akauliza kama Ijumaa pia tutaona mji.

Alhamisi, 4 Septemba.

Mwalimu Nzeyimana kaniita pembeni. Anaona kesho Jean-Bosco ndiye ampeleke Mama. Kasema kwa upole, na ndiyo maana imeniuma.

Lakini Mama Atuganile mwenyewe akaingilia. Akasema Marwa aliapa, basi atakwenda na Marwa. Akanishika bega. Nilikosa pa kuweka uso.

Hofu iliyobaki ni Jean-Bosco. Huyu anaweza kuamka mapema akajipachika kwenye safari yangu. Nikapata wazo. Asiye na faili hana neno. Wakati anaoga nilifumua godoro lake upande wa ukutani, nikaingiza faili, nikashona. Mshono wa Pinetown, hauonekani. Sharp!

Ijumaa, 5 Septemba.

Naandika yote.

Asubuhi Jean-Bosco anatafuta faili hadi ndani ya friji. Sisi tukaondoka. Mama kavaa sweta la kijani, kuukuu, Sista Gerda alimfumia wakati anamaliza mafunzo. Tramu hadi mwisho wa reli, hakuna kosa hata moja. Pale basi la kwenda nyumba ya wazee limepaki. Saa nane kamili. Dereva anakula tofaa. Ndani yuko mzee mmoja na mwavuli wake.

Nikapiga hesabu ya rank, kituo chetu cha taxi. Viti arobaini, abiria mmoja. Hilo haliondoki leo! Taxi haiondoki mpaka ijae, mtoto wa Umbilo anajua hilo kabla hajajua kusoma. Mama akauliza kama tuingie tukae. Nikamwambia tukakae kwenye joto la nini, twende pale duka la mikate, wewe unywe chai, watu wajae.

Saa nane na dakika kumi tunatoka na vikombe mkononi. Basi linaondoka. Tupu! Yule mzee na mwavuli wake, basi! Nikakimbia, chai ikanimwagikia kifuani, nikapiga mluzi, nikaita kwa Kiswahili, kwa Kizulu, kwa Kikurya. Nani analipa mafuta ya gari la mtu mmoja?

Msichana wa duka la mikate akatusomea kibao. Linalofuata ni saa kumi na dakika arobaini. Nyumba ya wazee hawapokei wageni baada ya saa kumi na moja. Kwa miguu ni kilomita saba, kilima kitupu, na Mama ana goti bovu.

Mama hakunigombeza. Alikaa juu ya mkoba wake kando ya barabara, akawa anakunja na kukunjua mkono wa sweta. Nilitamani anigombeze. Nikamwambia kuhusu faili, kwamba ratiba ya basi hili ilikuwamo, ukurasa wa tisa, na sasa iko ndani ya godoro. Miaka arobaini na moja, na mimi nimekwenda kununua chai.

Sikuwa na kingine ninachokijua. Nikasimama barabarani, nikanyoosha kidole. Magari yakapita. Nikanyoosha kidole cha mjini, cha Pinetown, vyote. Dakika ishirini. Ndipo ikaja hiasi nyeupe, mlango wa kuburuza, na vichwa vimejaa ndani. Taxi! Nilitaka kulia. Ikasimama.

Dereva ni mama mwenye nywele fupi. Alidhani Mama Atuganile ameanguka. Nikamwonyesha karatasi yenye jina la nyumba ya wazee. Akacheka, akafungua mlango, akatupisha nyuma kabisa. Baadaye nilielewa: ni gari la hiyo hiyo nyumba ya wazee, linawarudisha watu wao kutoka kliniki ya macho. Wazee watano, kila mmoja na bandeji yake.

Nikafanya kama ada ya taxi za Durban, nauli hupita mkono kwa mkono hadi kwa dereva. Nikatoa sarafu, nikamgusa bega mzee wa mbele, nikamwonyesha vidole viwili: watu wawili. Akazipokea kwa heshima, akampa wa mbele yake, huyo akampa mwingine, hadi kwa dereva. Dereva akazitazama, akazirudisha. Zikaja mkono kwa mkono hadi kwangu. Nikazituma tena. Zikarudi tena. Wale wazee walikuwa wanafurahi kama watoto.

Hapo ndipo Mama Atuganile akafunguka. Kwa Kinyakyusa! Muda mrefu, kwa sauti ya chini, bila kupumua. Mimi Mkurya, sikuambulia neno. Nilidhani ananiombea.

Kiti cha mbele bibi mmoja mwembamba, bandeji jicho la kulia, mabega yakaanza kumtikisika. Anacheka. Akacheka hadi akakohoa. Kisha, bila kugeuka, akajibu. Kwa Kinyakyusa.

Yule bibi akanyoosha mkono nyuma kati ya viti. Mama akainama mbele, akaushika. Vidole vya bibi vikapanda kwenye sweta, vikapapasa hadi mwisho wa mkono. Akasema kwa Kiswahili, tena kizuri kuliko changu, kwamba mkono wa kushoto ulizidi urefu tangu siku ile, na Atuganile hajaurekebisha mpaka leo.

Mama akasema asante. Akasema tena. Hakuwa na neno lingine hadi tunafika. Mimi nilitazama mashamba ya zabibu dirishani kwa sababu macho yangu hayakuwa yanafaa kutazamwa na watu. Tulifika saa tisa kasoro tano. Tumewahi!

Walikaa wameshikana mikono hadi saa kumi na moja. Kabla ya kuondoka Sista Gerda akanitafsiria alichosema Mama ndani ya gari: kwamba kijana huyu Mungu alimpa moyo mzuri, halafu kichwani akasahau kuweka kitu. Ile ya moyo naiandika hapa ikae.

Jumapili, 14 Septemba. Umbilo.

Baada ya ibada, kikao cha kwaya. Jean-Bosco kaeleza faili lilivyopatikana: kitu kilimchoma ubavuni usiku wa mwisho. Akaongeza kwamba mshono ule ulikuwa mzuri mno, haukuwa wa Wajerumani. Nikamshukuru kwa sifa. Akaelewa. Tusiongelee hilo.

Kisha Mwalimu Nzeyimana akasoma barua. Wajerumani wanatualika tena mwakani! Na Sista Gerda kaomba mambo mawili: aje Atuganile, na aje yule kijana wa kidole. Nilishukuru hadi nikakaa chini.

Mwalimu akauliza kama safari hii kiongozi wa usafiri atasoma ratiba. Nikasema ratiba niliiona mwenyewe ikituacha kando ya barabara, kidole ndicho kilichotuokoa. Tukapiga kura. Wengine walinyoosha mikono. Mama Atuganile alinyoosha kidole, cha Pinetown kabisa, na sauti ya kwanza yote ikamfuata.

Jean-Bosco ni muungwana. Kaja hadi chumbani kwangu jioni na faili jipya, kurasa kumi na tisa, basi la Sista Gerda kalipigia mstari mwekundu. Nikamshukuru kwa moyo wote, nikampikia chai.

Nimelishona ndani ya godoro langu.