Viluwiluwi wa Kijito Changu

Jumatatu, 3 Machi 2025. Daudi.
Habari kubwa! Mtafiti wa vyura anakuja Jumamosi kuchagua sehemu moja ya kijito chetu ya kuchunguzia viluwiluwi. Mwenye shamba atakuwa msimamizi mwaka mzima na atapewa koti la mvua lenye nembo. Koti hilo ni langu. Mpinzani ni mmoja tu, jirani Efrazia, ambaye shamba lake liko chini ya langu. Maji yanapita kwangu kwanza. Kwa hiyo wa kwanza ni mimi.
Tatizo dogo: viluwiluwi wote wako kwake.

Jumanne, 4 Machi.
Nimechota viluwiluwi wa Efrazia, ndoo nzima. Akanikuta! Nikasema ni maji ya ng'ombe. Akauliza tangu lini ng'ombe wangu wanakunywa maji yenye mboga.
Nimewamwaga pale maji yanaporuka juu ya mawe, mahali pazuri sana kwa macho. Kabla sijaweka ndoo chini walishachukuliwa na maji. Wamerudi kwao.

Jumatano, 5 Machi.
Kosa nimeliona: uchafu. Mgeni akija tunafagia uwanja. Basi nimefagia kijito. Majani yaliyooza, tope, matete, vyote nje! Vichaka vya kivuli nimevifyeka. Takataka nimezisukumia kwa Efrazia.
Mke wangu Violeth akauliza hao watoto wa chura watakula nini sasa, na watajificha wapi. Nikamwambia wageni wa heshima hawajifichi.

Alhamisi, 6 Machi.
Ndoo ya pili. Safari hii nimewaweka kwenye kidimbwi kilichotulia, ninapofuga kambare. Ulinzi upo tayari. Nimelala kwa amani.

Ijumaa, 7 Machi.
Viluwiluwi hawaonekani. Kambare wamenenepa. Violeth amecheka mpaka uji ukaungua.

Jumamosi, 8 Machi.
Mtafiti ni binti, anaitwa Monica. Alinipa shikamoo kabla ya Efrazia. Dalili njema!
Akapima kasi ya maji, kina na kivuli. Akasema kwa upole kwamba kwangu maji yanakimbia mno, panapotulia pana kambare, na majani ya kula na kujifichia hayapo. Kwa Efrazia majani yamejaa, na viluwiluwi hajawahi kuona wengi hivyo. Efrazia akasema, ‘Asante kwa mboga, jirani.’ Koti limemkaa vizuri. Inauma.
Lakini! Monica ameomba sehemu yangu iwe ya kulinganishia, mfano wa mahali ambapo viluwiluwi hawaishi. Sharti ni moja: nisiongeze, nisiondoe, nisiguse chochote. Nimekubali mbele ya mashahidi. Nimeteuliwa!
Sasa nimshangaze. Akirudi mwezi ujao atakuta kwangu wamejaa tele. Kesho baada ya ibada ninakwenda na ndoo. Kambare nimeshawahamishia kwa Efrazia jioni hii, wanilindie viluwiluwi mpaka asubuhi.