Jiwe Lililojua Baridi Mapema

Jumatano, 6 Machi 2013

Nafasi ni moja. Dk. Loisi, mtafiti wa chuo kikuu, atachukua mwalimu mmoja wa Tunduma kwenda Ujerumani, maabara ya fizikia ya kwanta. Huko wanachunguza vitu ambavyo vikipoa mno, umeme hupita ndani yake bila ukinzani hata chembe.

Mpinzani wangu ni Sadoki wa Kemia. Leo amechelewa kikao saa nzima. Alisema alikwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kununua sukari, akarudisha saa yake nyuma kufuata ya Zambia, akasahau kuirekebisha. Nilicheka hadi mkuu wa shule akanikanya. Mtu wa mpakani anasahau hilo! Sina mpinzani.

Nimenunua koti la baridi la mtumba. Mke wangu Atuganile aliuliza kama nimeshachaguliwa. Nikasema karibu. Koti halifungiki na lina mfuko mmoja tu.

Jumamosi, 9 Machi

Leo ni siku ya sayansi, maana Jumanne mimi na Sadoki tutamwonyesha Dk. Loisi tulichochunguza. Nina jiwe jeusi kutoka kwa wachimbaji wa Mkwajuni. Wao walizuia nalo mlango. Mimi naamini si jiwe la kawaida. Nimelipeleka Nakonde kwa Zaitun, muuza samaki, kwa kuwa friza yake haikatikiwi umeme ovyo kama zetu.

Friza ikawashwa. Kila saa nilisoma kipimajoto na kuandika muda kwa saa yangu ya mkononi. Zaitun alisoma mita ya ukinzani na kuandika muda kwa saa yake ya ukutani. Mgawanyo wa kazi. Nimerudi nanuka samaki. Atuganile amenitandikia sebuleni.

Jumapili, 10 Machi

Sikwenda kanisani, nimechora grafu. Ukinzani wa jiwe unabadilika saa nzima kabla friza haijaanza kupoa! Jiwe linajua baridi inakuja. Nilitafuta maelezo mengine, sikuyapata, nikaacha kutafuta kabla sijayapata.

Atuganile aliuliza kama jiwe linaweza pia kujua mkaa utaisha lini. Hana moyo wa utafiti. Nimempigia mama mkwe, nikamwambia asome magazeti.

Jumanne, 12 Machi

Afadhali nisingezaliwa. Grafu yangu ilibandikwa mbele ya shule nzima. Sadoki alileta waya wa shaba, nikamwonea huruma. Dk. Loisi akauliza nani alipima nini na wapi. Nikajibu kwa madaha: mimi kwa saa yangu, Zaitun kwa saa ya dukani kwake, Nakonde.

Kidato cha tatu walicheka kwanza. Walimu wakafuata. Mimi nilielewa wa mwisho. Sadoki hakucheka kabisa, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Dk. Loisi alisogeza namba za Zaitun mbele kwa saa moja, mistari ikalingana, jiwe likawa jiwe.

Lakini ni mama muungwana. Alisema data ikiwa nyingi humzuga mtu asiyeuliza kwanza ilipimwaje, ila vipimo vyangu vilikuwa makini. Nirudie kesho, nimpelekee keshokutwa kabla hajaondoka kwenda Mbeya, saa mbili kamili asubuhi. Nisipotokea, ataondoka na Sadoki.

Jumatano, 13 Machi

Nimerudia. Kosa lilikuwa saa zisizoelewana, na nimelikomesha. Zaitun ameniuzia saa ya ukutani pacha na yake. Tumeziseti pamoja hapo hapo dukani, kisha ya mkononi, kisha ya simu. Nimeitundika nyumbani. Hazitagombana tena. Grafu ni safi.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeamka mapema, moyo umetulia. Koti mwilini, grafu katika ule mfuko mmoja. Nyumba ya wageni anakolala Dk. Loisi iko ng'ambo ya barabara, sina haja ya kukimbia.

Atuganile ametoka kwenda sokoni akifoka kwamba nimechelewa. Nikamwonyesha saa ya ukutani. Akaitazama, akanitazama, akaenda zake. Wanafunzi nao wamepita zamani. Mkuu wa shule atakuwa amewatisha.

Kuna gari limepiga honi sana hapo nje, sasa linashika njia ya Mbeya. Sadoki yumo, kiti cha mbele, na begi. Maskini, ameona mambo yamemshinda, anahama mji.

Saa moja kamili. Bado nina saa nzima. Ngoja nimimine chai nyingine.